Waya Mlangoni kwa Dada

Plaizi hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, wala hakuwa na nyumba yake mwenyewe, maana chumba alicholala kilikuwa cha kupanga na kibanda alimotengenezea baiskeli kilikuwa kimeegemezwa kwenye ukuta wa mtu mwingine. Hakuwa na sare. Hakuwa na bunduki, wala mbwa, wala karatasi yoyote yenye muhuri ya kuonyesha kwamba ni mlinzi. Hakuwa na usingizi wa kutosha. Hakuwa na meno ya kutafunia nyama ngumu, na hilo alilificha kwa kusema kwamba nyama haimpendezi. Lakini pengo lake kubwa ni kwamba hakuwa na mtu wa kumwambia kuwa amekosea. Wote waliokuwa na haki ya kumwambia hivyo walikwisha kufa, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa akimwogopa.

Huyo mmoja alikuwa dada yake.

Jina la Plaizi alipewa na wateja, kwa kuwa plaizi haikumtoka mfukoni hata akienda msibani. Alikuwa mtu mwembamba, mnyoofu, asiyependa kukaa na watu wanaocheka ovyo. Baiskeli mbovu ikiletwa kwake, alimtazama kwanza mwenye baiskeli, kama daktari anayetaka kujua mgonjwa amekula nini. Mtaa ulimheshimu. Kupendwa ni jambo jingine.

Siku hizo simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika mtaani kwetu, ila wezi walikuwa wamefika zamani. Waliingia nyumba watu wakiwa wamelala, wakaondoka na nguo, na viatu, na siku moja waliondoka na sufuria ikiwa bado motoni. Wanaume wakaitisha mkutano, wakakubaliana kulinda mtaa kwa zamu, bila malipo. Waliojitolea siku ya mkutano walikuwa wengi. Baada ya wiki chache wakabaki wachache, kwa sababu kujitolea mchana ni rahisi kuliko kujitolea usiku.

Walikutana baada ya chakula kwenye baraza ya duka ambalo baadaye alilipanga Kinyozi, wakagawana tochi na filimbi, kisha kila mmoja akashika njia yake. Kazi yenyewe haikuwa na ushujaa mwingi. Ilikuwa ni kutembea polepole na kutikisa milango. Mlango ukikubali, unagonga, unamwamsha mwenyewe, unamwambia afunge, naye anakushukuru au anakutukana kulingana na ndoto uliyomkatiza.

Nyumba ambayo wenyewe wamesafiri ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo aliubuni Plaizi. Alipitisha waya mwembamba kwenye pete mbili za kufuli zilizoko nje ya mlango, akausokota kwa plaizi, kisha akaikunja ncha kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuiiga. Waya ukikutwa umeguswa, walijua mwizi amepita. Ukikutwa salama, kila mlinzi alijua maana yake bila kuuliza: humu hamna mtu, usigonge, endelea na safari yako. Kiongozi wa doria, mwenye duka la misumari na rangi, aliusifu utaratibu huo mbele ya watu. Plaizi hakutabasamu, ila usiku ule alitembea kifua mbele hadi kulipokucha.

Dada yake alikuwa mjane, akikaa mtaa wa nyuma ya mashine ya kusaga, katika nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na mlango wa barabarani. Chumba cha nyuma, alimolala, kilitokea uani, na ua ulikuwa wa wapangaji wote, wenye ukuta mrefu na geti lililofungwa usiku. Yeye ndiye aliyemlea Plaizi walipofiwa na mama. Alimbeba mgongoni ilhali yeye mwenyewe bado alistahili kubebwa, na mgongo ule ulikuwa ukimsumbua mpaka uzeeni. Alipokaa kwenye stuli alishika kiuno kwanza, ndipo akashuka taratibu.

Alizaa mtoto mmoja tu, wa kiume. Kijana alipoanza kuota ndevu akafuatana na kundi lililokuwa likifungua taa za magari yaliyolala nje. Yeye hakuwahi kukutwa na taa mkononi, lakini alikutwa amesimama kwenye kona akiangalia kama kuna mtu anakuja, na mtu aliyekuja alikuwa mjomba wake, yumo katika doria. Plaizi alimkamata shati, akamkokota mpaka mlangoni kwa mama yake. Majirani wakatoka wamejifunga mashuka. Mbele yao wote Plaizi akamwambia kijana asikanyage pale tena mpaka awe mtu.

Kijana akamtazama mama yake. Mama akatazama chini. Kulipopambazuka kijana alikuwa ameondoka, na kitanda chake kimetandikwa.

Watu walimsifu Plaizi kwa jambo lile. Walisema huyu haangalii undugu, huyu ndiye mlinzi. Naye akaipokea sifa hiyo na kukaa nayo miaka yote iliyofuata, asijue kwamba dada yake, kila aliposikia ikitajwa, aliinuka akaenda kutafuta kazi ya kufanya uani.

Dereva mmoja wa lori, aliyekuwa akileta mbao mjini na kuegesha karibu na mashine ya kusaga, ndiye aliyeleta habari. Kijana yuko kwenye kiwanda cha mbao, mbali sana, kwenye misitu. Amekuwa fundi mzuri wa randa. Hanywi. Kila lori likipakia mzigo wa mji huu, huuliza kama dereva amemwona mama yake. Mama alimsikiliza dereva amesimama, ameshika ufagio, na alipomaliza akamwomba aseme tena tangu mwanzo.

Kisha akampa ujumbe wa kumpelekea.

"Mwambie mlango wa barabarani siufungi tena. Aje saa yoyote ya usiku. Asigonge, asimwogope mtu, asukume tu aingie. Mwambie siku ile nilinyamaza, na sitanyamaza tena."

Dereva akamwahidi kufikisha maneno yale kama yalivyo, na akayafikisha.

Dada hakumwambia mdogo wake. Aliujua ulimi wa Plaizi. Kwa hiyo akabuni njia yake. Kila usiku alifunga komeo kama kawaida, akakaa gizani chumba cha mbele mpaka asikie hatua za mdogo wake, mlango ukatikiswa kidogo, hatua zikaenda zake. Hapo ndipo alipoinuka, akalivuta komeo polepole ili lisilie, akaacha sahani ya chakula imefunikwa mezani, vikombe viwili kwenye sinia, akaenda kulala.

Kabla ya alfajiri Plaizi hupita tena. Usiku wa kwanza aliutikisa mlango wa dada yake ukakubali. Alisimama pale na tochi imezimwa. Akachungulia ndani, hakuna kilichoibwa. Akasema moyoni kwamba mtu husahau. Usiku wa pili mlango ukakubali tena, na wa tatu. Alipokwenda kumjulia hali mchana, akaviona vikombe viwili kwenye sinia la mtu anayeishi peke yake. Kisha dada, akimwita mtoto wa mpangaji, akamwita kwa jina la mwanawe. Plaizi akanywa chai yake hadi mwisho, akaaga, na njiani akajiambia lile alilokuwa akiliogopa. Akili ya dada yake ilikuwa imeanza kumtoka.

Angeweza kumwuliza. Swali moja tu, "Dada, mbona huufungi mlango?", lingetosha. Lakini Plaizi, aliyewaambia watu wote ukweli wao usoni, hakuweza kumwambia ukweli huo mwanamke aliyembeba mgongoni. Aliona ni aibu kubwa kwa dada kuambiwa na mdogo wake kwamba anazeeka vibaya. Akaamua kumlinda bila yeye kujua.

Kuanzia hapo, kila usiku wa manane, alikwenda mlangoni kwa dada yake, akapitisha waya kwenye zile pete mbili, akausokota taratibu ili plaizi isigonge bati la mlango. Kabla hakujapambazuka alirudi akaufungua, akauviringa, akautia mfukoni. Dada akihitaji kutoka usiku, mlango wa uani upo. Maana ya waya kwa walinzi wengine aliijua kuliko mtu yeyote, lakini njia ile ilikuwa yake, hakuna mlinzi mwingine aliyepita pale. Alilifanya jambo lile kwa upendo, na kila alipolifanya alijisikia vizuri.

Hivyo wakaishi, dada akifungua kutoka ndani kwa siri, mdogo akifunga kutoka nje kwa siri, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Ikatokea jioni moja mlinzi wa upande wa soko akapata homa. Upande ule ulikuwa na vurugu, na kiongozi akataka mtu mzito wa kupelekwa huko. Akampa Plaizi. Mtaa wa nyuma ya mashine akampa Kinyozi. Kinyozi alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo safi, aliyekuja mtaani juzijuzi tu alipopanga duka, akajua vichwa vya watu kabla hajajua nyumba zao. Alichukua filimbi akasema kwamba leo wezi wa mtaa wa mashine wakija na nywele ndefu watarudi kwao wamependeza.

Wenzake wakacheka. Plaizi alisimama pale akiwa na neno mdomoni. Ilimpasa kumwambia Kinyozi kwamba kuna nyumba atakayoikuta na waya, na ndani yake mna mtu. Lakini angeulizwa kwa nini, mbele ya wote, naye angelazimika kusema kwamba dada yangu akili zinamruka. Tena angemwambia nani? Kinyozi, ambaye kesho yake kila kichwa kinachonyolewa kingekuwa kimeshapata habari. Akalimeza neno lake. Akasema tu mtaa ule umetulia, hauna shida.

Kabla ya kwenda sokoni alipita kwa dada yake. Aliutikisa mlango kama kawaida, akazunguka mashine, akarudi, akaukuta tayari umefunguliwa komeo. Akaufunga waya. Kabla ya mapambazuko alitoka sokoni mbio akaja kuufungua, akamulika ncha yake. Haikuguswa. Akashusha pumzi, akaenda kurudisha tochi.

Walinzi walikuwa wamekaa barazani wakinywa chai, na Kinyozi alikuwa ameanza kusimulia. Alisema leo kapata mgeni. Alimkuta jamaa anagonga nyumba yenye waya, tena anagonga taratibu kama mtu anayeomba samahani, halafu anatega sikio, halafu anagonga tena. Akammulika. Akamwambia hata wizi una akili zake, mtu anagongaje nyumba isiyo na mtu?

Wakacheka wote. Plaizi akapokea kikombe.

Kinyozi akaendelea kwamba jamaa hakukimbia. Alimsalimia, akampa pole ya kazi, akasema hapa ni kwao. Yeye akamwambia kwenu gani huko ambako hujui wenyewe wapo au hawapo, akamwonyesha waya kwa tochi na kumweleza alama ya doria ina maana gani.

"Nikamwambia, kaka, waya huu ukiuona, basi aliyekuwa anakaa humu hayupo tena."

"Hayupo tena?" aliuliza Plaizi.

"Sasa nimwambieje, mzee? Si waya wako?"

Wakacheka tena. Mwenye duka la misumari alipaliwa na chai. Plaizi akauliza mtu yule alijibu nini. Kinyozi akafikiri kidogo, bado anatabasamu, akasema aliuliza kama ni muda mrefu. Naye akautazama waya, akauona una kutu, akamwambia naona ni muda. Basi jamaa akakaa kizingitini. Kinyozi akazunguka mtaa wote, akarudi, akamkuta bado amekaa palepale.

"Nikamwambia kizingiti cha watu si kitanda. Akanyanyuka, akanishukuru. Wezi wa siku hizi, bwana, wana adabu kuliko wateja wangu."

Plaizi alikiweka kikombe chini. Hakikukaa sawa, kikapinduka, chai ikatiririka hadi kwenye viatu vya kiongozi, na Plaizi alikuwa ameshashuka barazani.

Alikwenda stendi. Wapiga debe walikuwa wakikunja mikono kwa baridi. Mkata tiketi akamwambia mabasi ya alfajiri yameondoka yote, na huyo kijana ni wa namna gani, mzee? Plaizi akashindwa kumweleza, kwa sababu kijana aliyemjua yeye alikuwa wa miaka mingi nyuma, mwenye shati lililokunjamana kifuani pale alipomshika. Akaenda yanapoegeshwa malori ya mbao. Hakuna aliyempakia mtu. Akapita kila nyumba ya wageni karibu na stendi, akisimama kila mlango na kuuliza kwa sauti ya chini ambayo wenye nyumba hawakuizoea kwake. Jua lilipokuwa kali, akakosa mahali pengine pa kwenda, akaenda kwa dada.

Alimkuta anaosha vyombo. Sahani ya usiku ilikuwa bado imefunikwa pembeni. Akamwambia akiwa amesimama, tangu usiku wa kwanza alipoukuta mlango wazi hadi maneno ya Kinyozi, bila kujipunguzia. Alitegemea kilio. Alitegemea hata kofi, na angelipokea.

Dada alifuta mikono kwa nguo yake, kidole kimoja kimoja.

"Nilisikia," alisema.

Plaizi hakuelewa.

"Nilisikia mlango unagongwa. Yeye nilimwambia asigonge. Nikajua ni wewe, umerudi kunipima kama nimefunga. Nikabana pumzi, ili udhani nimelala."

Alishika kiuno, akashuka taratibu kwenye stuli. Kisha akamweleza habari za dereva, na ujumbe, na jinsi alivyokuwa akingoja hatua zake zipite. Aliyasema kwa utulivu, kama mtu anayemwelekeza mpita njia. Plaizi alisikiliza huku ameinamisha kichwa, na kila neno lilimchoma palepale lilipomchoma lililotangulia.

Uani mtoto wa mpangaji alikuwa akiburuza kopo kwa kamba.

"Alikuwa amevaaje?" aliuliza dada.

Plaizi akasema hajui.

"Kaulize."

Akaenda. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, povu limejaa kidevuni. Alipomwona Plaizi akiuliza mavazi ya mtu wa jana, akataka kujua kama siku hizi doria imepandishwa cheo na kuwa upelelezi. Plaizi akamwambia, mbele ya mteja, kwamba mtu yule ni mtoto wa dada yake, na kwamba dada yake yu hai, na usiku ule alikuwa ndani.

Wembe ukasimama. Kinyozi akaufunga, akauweka kwenye meza, akakaa kwenye benchi la wateja. Mteja akabaki na povu lake.

Yote aliyoyasema Kinyozi baada ya hapo aliyasema bila mzaha hata mmoja. Shati la mistari, limepigwa pasi, mikono mirefu. Viatu vyeusi, vya kufungwa kamba, vilivyong'arishwa ingawa vilikuwa na vumbi la safari. Mwili umejaa. Ndevu amenyoa siku hiyohiyo, hilo hawezi kukosea. Begani begi. Na mkononi alikuwa na kiti kidogo cha mbao, kipya, chenye mgongo, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Kinyozi alidhani amekiiba mahali. Kijana hakukikalia kiti kile. Alikaa chini kizingitini, na kiti akakiweka mbele yake, akawa anakitazama. Alipoondoka aliondoka nacho.

"Mzee wangu," alisema Kinyozi, "ungeniambia neno moja tu."

Plaizi akamwambia ni kweli. Akarudi kwa dada yake.

Dada alimsikiliza hadi mwisho, na viatu akataka kuelezwa mara mbili. Aliposikia habari za kiti, akauliza kama kweli kilikuwa na mgongo. Plaizi akasema ndivyo alivyoambiwa.

"Alikumbuka mgongo wangu," akasema. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa muda mrefu, mkono mmoja umefunika macho, na mdogo wake akakaa sakafuni karibu na miguu yake, asithubutu kumgusa.

Usiku ule Plaizi hakwenda kwenye doria. Mlango wa barabarani ulikaa wazi kabisa, si kwa kurudishiwa, na yeye akakaa chumba cha mbele akiangalia nje. Kila aliyepita barabarani alimfanya ainuke. Kulipokucha walikuwa bado wawili tu.

Dereva wa lori alikuwa ametoka mjini siku chache kabla, na hakutarajiwa karibuni. Lakini alikuwa amewahi kumtajia mama namba ya sanduku la barua la kiwanda, naye akaishika kichwani kama jina la mtu. Plaizi akanunua karatasi na bahasha, akafunga kibanda, akaandika asubuhi nzima. Alipomaliza alikuwa amejaza kurasa nne. Alieleza alivyoukuta mlango wazi. Alieleza wasiwasi wake juu ya afya ya mama, na utaratibu wa waya, na sababu ya kubadilishana njia na mlinzi mwenye homa, na kwa nini hakuona vyema kumweleza mwenzake mbele ya watu. Aliomba radhi mahali pawili, kwa maneno mazito aliyoyachagua kwa uangalifu. Kisha akaenda akamsomea dada yake.

Dada akasikiliza yote.

"Umejitaja wewe kuliko ulivyonitaja mimi," alisema.

Plaizi akazitazama kurasa zake. Akaona ni kweli. Akauliza basi aandike nini. Dada akasema huko aliko mtoto wake anajua kwamba mama yake amekufa, na kila siku barua inapochelewa ni siku nyingine anayomlilia. Haya mengine atayasoma mtu ambaye ameacha kulia. Plaizi akasema lakini lazima ajue ni nani aliyefunga waya. Dada akafikiri, akasema hilo aliandike, ila kwa ufupi.

Akachukua karatasi safi, akaiweka juu ya sinia, akaandika huku dada akiangalia mkono wake unavyokwenda ingawa hakujua kusoma.

"Mama yako yu hai. Usiku ule ulipokuja alikuwa ndani. Waya niliufunga mimi, mjomba wako, bila yeye kujua, na mlinzi aliyekujibu hakujua kuwa ndani mna mtu. Mama alisikia ukigonga akadhani ni mimi. Sahani yako ilikuwa mezani. Njoo mchana au usiku. Njoo na kiti. Mimi kama hutaki kuniona, sitakuwepo."

Alipofika hapo kalamu ikasimama. Dada akauliza ni nini hicho cha mwisho. Akamsomea. Akangoja aambiwe akifute.

"Kiache," alisema dada. "Achague mwenyewe."

Ilikuwa haki yake kusema hivyo, na Plaizi akakiacha. Akaandika anwani kwa herufi kubwa, jina la kijana, jina la kiwanda, namba ya sanduku. Dereva alishamwambia dada zamani, naye akamsimulia Plaizi, kwamba mafundi wa kule huhama na misitu, leo hapa, kesho kwingine. Na mtu aliyetoka kwa mama yake aliyekufa anaweza asirudi alikotoka. Anaweza kupanda basi lolote. Wote wawili waliyajua hayo.

Dada akaomba aifunge yeye. Akachovya kidole kwenye maji, akapitisha juu ya gundi ya bahasha mwanzo hadi mwisho, akaikunja, akaibana mezani kwa kiganja na kuiegemea kwa uzito wake wote, muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji. Plaizi akaitia mfuko wa shati, akaenda posta kwa miguu.

Kulikuwa na foleni. Alipofika dirishani, karani aliipima bahasha, akamwuliza kama anataka ya kawaida au ya rejista. Plaizi akauliza ipi inafika haraka. Karani akasema zote zinakwenda na gari moja. Akabandika stempu, akaipiga muhuri, akaitupa nyuma yake kwenye gunia lililokuwa wazi, akamwita anayefuata.

Plaizi alisogea pembeni, akasimama hapo mpaka alipoona mtu amekuja, amelifunga gunia mdomo kwa kamba, na kulibeba kwenda nje kwenye gari.